Mahari Iliyoanikwa Juani

Nikutegee kimoja. Zizi langu lina ng'ombe wa watu wengi. Akija mwenye ng'ombe mmoja, atamkuta. Wakija wenye ng'ombe wawili watatu, nao watawakuta wa kwao. Lakini wakija wenyewe wote kwa siku moja, hawakuti hata ndama. Zizi gani hilo?

Fikiri kwanza. Usiniambie ni zizi la mwizi, maana mwizi hamrudishii hata yule mmoja. Usiniambie ni ugonjwa, maana ugonjwa huacha mizoga. Umeshindwa? Basi usihangaike kunipa mji, mji ninao tayari, ni Mwanza. Na zizi lenyewe ni benki.

Mimi nililijua jibu kabla sijalijua fumbo. Nilikuwa msichana niliyechumbiwa, na mahari yangu ilikuwa humo ndani.

Jina langu Paskazia. Baba yangu alikuwa Antoni wa Buzuruga, enzi hizo Buzuruga ni mihogo na mawe tu, hakuna stendi wala nini. Nilisoma kwa masista mpaka nikajua kusoma, kuandika na kushona vifungo, halafu baba akasema inatosha. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa maziwa. Kila asubuhi nilijitwika kibuyu nikashuka mjini mpaka nyumbani kwa Jayshree, mke wa Suresh. Suresh alikuwa karani wa benki ya Tayabali. Benki ilikuwa chini, wao wakakaa ghorofani juu yake, na kutoka dirishani kwao uliona barabara yote, majabali, na ziwa.

Tayabali mwenyewe alianza na duka la vitambaa. Akaongeza kununua pamba. Treni ilipofika Mwanza akaagiza sefu ya chuma, wanaume wakaishusha kwa kamba huku wakiimba, na tangu siku hiyo duka likawa benki. Wahindi wenzake waliweka fedha kwake. Watu wa misheni waliweka. Watu wetu wa mashambani walipita wakaitazama ile sefu, wakasema chuma kizuri, wakaenda zao.

Wa kwanza kuweka katika watu wetu alikuwa Ngosha wa Kiseke. Huyu ndiye baba wa Maige, na Maige ndiye mchumba wangu. Ngosha alikuwa na ng'ombe wengi, ugonjwa wa sotoka ukapita, akabaki na wachache, akaogopa kuwapoteza na hao. Akawauza kwa watu waliokuwa wakisafirisha ng'ombe kwa treni. Akabaki na mfuko wa shilingi asijue aulaze wapi.

Tayabali alikuwa mjanja wa maneno. Akamwambia, "Mzee, ninyi si mnakabidhiana ng'ombe? Hapa ni vilevile."

Na ni kweli tunakabidhiana. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Humpa rafiki yake wa Magu watano, humpa mwingine wa ng'ambo ya Busisi watatu, ili ugonjwa ukiingia usiwakute wote mahali pamoja. Aliyekabidhiwa hunywa maziwa, ng'ombe ni wako. Siku ukitaka kuwaona unakwenda, unapikiwa, unaonyeshwa: yule mwekundu ndiye huyu, na huyu mwenye pembe iliyopinda amezaa. Ngosha akaelewa. Shida yake alielewa kupita kiasi. Alidhani shilingi zake, zile zile alizozileta, zimesimama mle ndani zikimngoja.

Basi akawa anakuja kuziamkia. Anaegemeza fimbo mlangoni, anavua kofia.

"Karani, nimekuja kuwaona."

Suresh alikuwa kijana mpole, hakuwa na moyo wa kumweleza. Alikwenda nyuma akaleta mfuko wowote wenye shilingi, akaufungua juu ya kaunta. "Hawa hapa, mzee. Hawajambo."

Ngosha anaingiza mkono, anawagusa. Upande mmoja wana kichwa cha mfalme, upande wa pili simba. "Ng'ombe wangu wamegeuka simba," anasema. "Wamezaa?"

"Wamezaa kidogo."

"Kidogo si haba. Walishe."

Anatoka ameridhika. Watu wa Kiseke na Buzuruga wakaona. Ikiwa Ngosha anakwenda na kurudi ana furaha, basi pale pana usalama. Mmoja akaweka, na mwingine, na mwingine. Hata Wilhelmina, mjane aliyekuwa akifua nguo za mapadri, akaweka vya kwake. Alikuwa akitafuta fedha za kujenga nyumba ya bati, maana alichoka kuezeka nyasi peke yake.

Sasa uje kwenye mahari. Baba yangu alikubaliana na Ngosha kwamba atapokea shilingi badala ya ng'ombe, kwa sababu ya sotoka. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kuonyeshwa. Desturi yetu ni kwamba kabla ya harusi wazee wa upande wa msichana huenda kwa mkwe, ng'ombe wa mahari wanatolewa nje mchana kweupe, wanazungukwa, wanatazamwa meno na kwato, mbovu anakataliwa. Wakisharidhika, ng'ombe wanarudi zizini kwa mwenyewe mpaka siku ya harusi. Kuonyeshwa ni siku moja, kupewa ni siku nyingine.

"Nitaonyeshwa nini mimi?" baba aliuliza. "Ukuta wa Mhindi?"

"Utaonyeshwa wote," Ngosha akasema. "Mchana."

Tayari padri alikuwa ametutangaza kanisani mara ya kwanza. Maige alikuwa amefyatua matofali ya chumba chetu pale Kiseke, na mimi nilikuwa nimeshona foronya mbili zenye maua. Nakwambia hivi ili ujue mambo yalikuwa yamefika wapi. Maige hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mwanya, na alikuwa akinisubiri njiani nikirudi na kibuyu kitupu, ananisindikiza mpaka kwenye mawe ya Buzuruga, anageuka. Basi. Nilimtaka.

Siku waliyochagua ilikuwa ya ununuzi wa pamba. Hapo ndipo kosa, kama ni kosa. Walichagua siku hiyo kwa sababu wazee wote wangekuwa mjini, hakuna wa kufunga safari mara mbili. Na ule ulikuwa mwaka bei ya pamba ilipoanguka. Watu walishuka na mizigo vichwani, wakapewa bei, wakabaki wamesimama kwenye mizani wakidhani karani amekosea. Mji ulijaa watu waliokasirika wasio na wa kumkasirikia.

Bibi harusi haruhusiwi kuwapo mahari ikionyeshwa. Lakini maziwa ni maziwa, nilikuwa nimeyapeleka, na Jayshree akanishika mkono.

"Wewe unakwenda wapi? Njoo dirishani. Wanakuja kukutazama bei."

"Hawanitazami mimi, dada. Wanatazama shilingi."

"Si ndiyo wewe huyo? Njoo, nimekaanga bajia."

Nikaenda. Chini niliona Ngosha akiingia benki na Maige. Kumbe ndani alikuwa amemwambia Suresh atandaze zote sakafuni wazee waingie. Tayabali akakataa, wazee sita na fimbo zao hawaenei mle, na watu wengine wana shughuli. Basi Ngosha akasema nipe wote, nawatoa nje kidogo, nawarudisha kabla jua halijageuka. Ni zake, wangemkatalia vipi? Wakampa mfuko.

Akatoka nao begani. Maige nyuma yake amekunja ngozi ya ng'ombe kwapani. Walivuka barabara, katikati ya watu wa pamba, mpaka kwenye lile jabali pana lililolala karibu na maji. Maige akatandaza ngozi. Ngosha akamimina.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Jua lilipiga zile shilingi mpaka Jayshree akafunika macho. Wazee wetu wakazizunguka taratibu, mikono nyuma, kama wanazunguka ng'ombe hasa. Mzee Shigela, mjomba wa baba, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa, kila neno lake tulilisikia mpaka juu.

"Mkwe, hawa wamekonda!"

"Hawajanywa maji," Ngosha akajibu.

"Mwenye mimba ni yupi?"

"Wote wana mimba. Muulize karani."

Wakacheka. Shigela akainama, akaokota moja, akaigeuza, akaing'ata. "Huyu mzee. Angalia, mfalme hana hata pua. Huyu amelimia mashamba ya watu wangapi? Simtaki."

Ngosha akaipokea, akaiweka mfukoni, akatoa nyingine kwenye fundo la shuka lake akaitupa penye ngozi. "Haya, mtamba huyo."

"Sasa unaongea."

Jayshree alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilimtazama Maige. Alikuwa ameshika fimbo ya kuchungia, sijui aliileta ya nini, amesimama pembeni ya ngozi kama shilingi zingeweza kutoroka.

Halafu nikatazama barabarani.

Watu wa pamba walikuwa wamesimama. Hawakuwa wakicheka. Wao hawakuona mahari. Walimwona Ngosha, yule wa kwanza kuweka, yule anayekuja kila mara kutazama, ametoa kila kitu siku bei imeanguka, na anazigawa kwa ndugu zake juu ya jabali. Mmoja akamwambia mwenziwe. Mwenziwe akatua mzigo wake. Nikaona mtu akivuka kwenda mlango wa benki, anatembea tu, hana haraka. Nyuma yake watu wawili, wanatembea upesi zaidi. Kisha watu wakawa wanakimbia.

"Kuna nini?" Jayshree akauliza.

Sikumjibu. Nilikuwa na bajia mdomoni.

Kwa muda mfupi veranda yote ilijaa, na mlango, na ngazi. Tulisikia sauti ya Suresh chini yetu ikisema mmoja mmoja jamani, mmoja mmoja. Jayshree akakimbilia ngazini, akarudi, akakaa kitandani. Kule jabalini wazee nao wakageuka kutazama. Baba yangu alisema kitu kwa Ngosha, akanyoosha kidole kwenye mfuko, halafu kwenye njia ya Kiseke. Ngosha akapiga magoti akaanza kurudisha shilingi mfukoni, konzi kwa konzi. Maige akamsaidia. Baba na wazee wetu walikuwa wameridhika, wakaaga, wakaondoka. Kuonyeshwa kulikuwa kumekwisha.

Ngosha akaubeba mfuko begani, akaja mpaka katikati ya barabara. Pale akasimama. Kulia kwake njia ya nyumbani. Mbele yake benki. Maige alimshika shati kwa nyuma, nilimwona, alikuwa akimvuta. Watu walimzingira Ngosha. Walikuwa wakimwuliza kitu, midomo yao inakwenda, lakini kelele zilikuwa nyingi, sikusikia neno. Wilhelmina alikuwa mbele yao kabisa na kikapu chake cha nguo. Ngosha naye akasema kitu. Kifupi. Kisha akamtoa Maige mkono kwenye shati, polepole, kama unavyomtoa mtoto, akaenda moja kwa moja mlangoni. Watu walimpisha. Akaingia na mfuko.

Akatoka bila mfuko.

Nakwambia mji ulinyamaza. Alikung'uta ile ngozi, akaikunja, akampa Maige, wakashika njia ya Kiseke. Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kuokota mizigo yao. Wilhelmina alikuwa amekaribia mlango kabisa, alikuwa wa tatu au wa nne, akageuka akaenda zake na kikapu kichwani. Wengi walifanya kama yeye. Jayshree akarudi dirishani. "Mungu ambariki yule mzee," akasema, na akanijazia bajia kwenye karatasi nipeleke nyumbani.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Kesho yake nilipofika na maziwa watu walikuwa wengi kuliko jana. Usiniulize walikuwa wangapi, walikuwa wamejaa mpaka kwenye jabali. Sasa walikuwemo na Wahindi, na hao hawakuwa wameona ngozi wala mfuko, walikuwa wamesikia tu. Suresh alilipa, akalipa, jasho linamdondoka kwenye meza. Kabla ya adhuhuri akafunga dirisha lake dogo. Tayabali akatoka nje akasimama kwenye kiti.

"Ndugu zangu, fedha zenu zipo."

"Zilete!"

"Zipo kwenye pamba. Pamba ipo njiani. Mnunuzi akilipa..."

"Jana ulisema zipo kwenye sefu!"

"Fedha hailali kwenye sefu, ndugu zangu. Fedha inafanya kazi."

Mzee mmoja wa Magu, mpole tu, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Yangu inafanya kazi kwa nani?"

Tayabali akamtazama. Nafikiri alitaka kumjibu vizuri. Akashuka kwenye kiti, akaingia ndani, mlango ukafungwa, na askari wakaja kusimama mbele yake. Haukufunguliwa tena kama benki. Baadaye palikuwa ghala la ngozi, na harufu yake ilifika mpaka kwa mapadri. Walipouza mali ya Tayabali watu walipewa kitu kidogo sana, wengine hawakwenda hata kuchukua, nauli ilikuwa kubwa kuliko fedha yenyewe.

Mimi siku ile nilirudi Buzuruga na kibuyu changu. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nikamwambia benki imefungwa. Akasema, "Ya Ngosha pia?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupepeta. Nikachukua nguo nikaenda mtoni kufua. Nilifua nguo zote za nyumba ile, hata zilizokuwa safi. Sikulia. Watu hudhani nilijizuia, lakini hapakuwa na kitu cha kuzuia.

Niseme kweli juu ya baba yangu, hakuwa mkali. Watu wa Ngosha walipokuja, aliwapa viti.

"Mkwe, uliona mwenyewe," Ngosha akasema. "Zilikuwepo."

"Niliziona," baba akasema. "Sina shaka nilionyeshwa. Lakini sikupewa."

"Tungoje mavuno."

"Tungoje."

Akangoja, nampa haki yake. Angeweza kunitoa bure, lakini unajua kwetu bila mahari watoto ni wa kwa mama yao, Maige angezaa halafu watoto wanaitwa wa Antoni. Ngosha asingekubali aibu hiyo, na kaka yangu naye alikuwa akiingojea mahari hiyo hiyo ili aoe. Mvua zikanyesha, zikaisha. Nzige wakaja. Mavuno hayakuwa mavuno. Padri akaacha kututangaza.

Nitakutegea kingine, hiki nilikitunga mwenyewe njiani miezi ile. Kinakwenda mjini kila asubuhi kimejaa, kinarudi kitupu, na hakijui kilibeba nini. Watu wote hujibu kibuyu. Ni sawa, ni kibuyu. Ila mwaka ule ningejibu kwamba ni mimi.

Suresh na Jayshree walikuwa wanafungasha waende Nairobi kwa ndugu. Nilipopeleka maziwa ya mwisho nilimkuta Ngosha amekaa ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa lile jabali, anatazama mlango wa benki. Alikuwa akija hivyo mara kwa mara, watu waliniambia. Fimbo yake aliiegemeza palepale kando yake, kofia ameivua.

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

Ilinipasa nisimame niende. Msichana hamhoji mkwe wake, na huyu hakuwa hata mkwe tena, sijui alikuwa nani yangu. Lakini nilikuwa nimetazama kutoka dirishani, na nilichokiona hakikutoka machoni.

"Baba," nikasema, "kwa nini ulizirudisha?"

Hakukasirika. Alitazama ziwa. Palikuwa na mtumbwi wa Wakerewe unashusha samaki.

"Maziwa umeyauza yote?" akaniuliza.

"Nimeyauza."

"Vizuri," akasema.

Nikaenda zangu.

Maige alinisubiri mara moja tu baada ya hapo, palepale kwenye mawe ya Buzuruga. Alikuwa na kifurushi.

"Nakwenda kutafuta vibarua ng'ambo. Geita wanasema kuna watu wanachimba dhahabu."

"Haya."

"Nikipata nitarudi."

"Baba ameshaongea na watu wa Busisi."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua. "Wana ng'ombe?"

"Wanao. Walionyeshwa juzi."

"Wazuri?"

"Mzee Shigela amemkataa mmoja."

Akacheka kidogo, nikauona ule mwanya. Kisha akanipa mkono, kama watu wanaoagana stesheni, akaenda. Zile foronya mbili nilimpa mama.

Nikavushwa ziwa pale Kigongo, nikaolewa Busisi na Josephat. Alikuwa mtu mwema, sina neno juu yake mpaka kesho. Hakuwahi kunipiga, alipenda mihogo iliyochomwa, na alikuwa akiniomba nimtegee vitendawili tukipura mtama. Nilimzalia watoto, Justa ndiye wa kwanza. Maisha yakaenda. Ukiniuliza miaka ile ya mwanzo nilikuwa nawaza nini, sikumbuki. Nakumbuka kazi. Nakumbuka kuni, maji, mtoto mgongoni. Mengine yalikuwa kama mtu anaongea chumba cha pili.

Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha nilipomwona tena Ngosha. Nilikuwa Kigongo nasubiri kuvuka kurudi nyumbani, nimetoka kumzika mama. Justa alikuwa nami, ameshakuwa msichana. Upepo ulikuwa mkali, wenye mitumbwi wakakataa kuondoka, abiria tukakaa ufukweni na mizigo yetu. Palikuwa na mzee ameshika kamba ya mbuzi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikamjua kwa kofia, jinsi alivyoiweka juu ya goti.

Nikapiga goti kwenye mchanga. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Wewe wa Antoni."

"Ndiyo mimi."

"Nilisikia ya mama yako. Poleni."

"Tumeshapoa. Huyu ni Justa, mwanangu."

Justa akamsalimia. Ngosha akamtazama, akamwambia amshikie mbuzi, akampa kamba. Akaniambia anakwenda Geita kwa Maige. Maige hajambo, amejenga, ana watoto wengi, amenenepa siku hizi huwezi kumjua. Nikasema vizuri. Akasema mbuzi ni wa yule mtoto wa mwisho. Nikasema vizuri. Tukakaa tukitazama maji yanavyopiga mitumbwi.

Sikumwuliza kitu. Nataka ujue hivyo, sikumwuliza tena. Ni yeye aliyeanza, bila kunigeukia.

"Ulikuwa juu dirishani siku ile."

"Nilikuwa juu."

"Nilikuona. Nikasema msichana huyu hana adabu, anatazama mahari yake." Akaigeuza kofia gotini. "Ukaja ukaniuliza swali pale jabalini."

"Nilikuuliza."

"Sikuwa na jibu zuri. Nililitafuta jibu zuri nikupe, sikulipata, nikakuuliza maziwa."

Justa alikuwa amesogea na mbuzi kwenye majani. Ngosha akaipangusa kofia yake mchanga.

"Maige alikuwa ananivuta," akasema. "Baba yako naye alikuwa ameniambia, mkwe, peleka nyumbani. Na mimi nilikuwa nakwenda nyumbani, mwanangu. Mguu ulikuwa umeshageukia Kiseke. Ndipo yule Wilhelmina akanishika mkono. Akaniuliza, 'Ngosha, umezitoa? Nasi tutoe?' Walionizunguka wakanyamaza wanisikilize mimi. Hakuna aliyeitazama benki, walinitazama mimi. Nikaona aibu. Nikasema, 'Hapana, mama. Nilikuwa naonyesha tu.'"

"Halafu?"

"Halafu nikaingia. Suresh aliponiona na mfuko alitikisa kichwa. Akaniambia polepole, Tayabali asisikie, 'Mzee, usiwaache hapa leo. Nenda nao nyumbani.' Aliniambia hivyo. Nilimsikia vizuri."

Upepo ulikuwa bado unavuma. Mwenye mtumbwi mmoja alisimama akatazama ng'ambo, akakaa tena.

"Sasa kama alikwambia," nikasema.

"Nikauweka juu ya kaunta," Ngosha akasema. "Nilikuwa nimeshasema hapana."